Mkimbiaji wa Tano: Funzo la Chuo Kidogo kwa Wakufunzi wa Riadha

Swali tunalotaka kuliweka mbele ya wakufunzi wenzetu ni rahisi kulitamka, lakini si rahisi kulijibu. Tunapofundisha riadha katika vyuo vya ualimu, tunamfundisha nani? Ratiba yasema kwamba tunamfundisha kila mwanachuo. Kiwanja chasema vingine. Jioni yoyote ya mazoezi utawaona vijana kumi au kumi na wawili, waliochaguliwa kwa ajili ya mashindano, wakizunguka uwanja pamoja na mkufunzi wao. Wengine wote wako kivulini. Baadhi wanashangilia, baadhi wanasukana nywele, na baadhi wanangoja filimbi ya mwisho ili wakaoge kabla maji hayajakatika. Hao walioko kivulini ndio watakaopelekwa mashuleni kuwafundisha watoto wetu mbio, miruko na mitupo.

Jambo hili tulilitazama kwa miaka kadhaa bila ya kulitilia maanani, mpaka siku moja lilipotugeukia wenyewe. Tulikuwa katika safari ya kuwakagua wanachuo waliokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Tulifika katika shule moja ya msingi wakati wa kipindi cha michezo, tukamkuta mwanachuo wetu na darasa la watoto zaidi ya hamsini. Aliwapanga mstari, akawakimbiza mara moja hadi kwenye mwembe na kurudi, akawachagua wanane waliotangulia, akaanza kuwafundisha kupokezana kijiti. Waliobaki aliwapa fagio wakafagie uwanja wa bendera. Baada ya kipindi tulimwuliza kwa nini amefanya hivyo. Hakusita, wala hakuwa na nia ya kutukejeli. Alijibu kwa adabu: "Mwalimu, ndivyo tulivyokuwa tukifanya chuoni."

Tulimpa alama zake tukaondoka, lakini jibu lile hatukuweza kuliacha pale shuleni. Andalio lake la somo lilikuwa safi, na zana zake zilikuwa tayari. Kosa lilikuwa letu. Mihadhara yetu juu ya kumjali kila mtoto aliisikia na kuiandika daftarini. Matendo yetu uwanjani aliyaona na kuyafuata. Mwalimu hufundisha kama alivyofundishwa, wala si kama alivyohubiriwa.

Timu iliyojengwa bila ya kununua nyota

Katika kulitafakari jambo hili tumefaidika kwa kusoma habari za timu ya wanaume ya chuo kimoja kidogo cha Marekani. North Central College kiko katika mji wa Naperville, magharibi ya Chicago, katika jimbo la Illinois. Kilianzishwa mwaka 1861, na wanafunzi wake ni elfu chache tu. Mwaka 1966 kilimpata kocha kijana aitwaye Al Carius, ambaye mwenyewe alikuwa mkimbiaji hodari alipokuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha Illinois. Alidumu katika kazi hiyo kwa zaidi ya nusu karne. Katika muda huo timu yake ya mbio za nyika ilitwaa ubingwa wa taifa wa vyuo vya daraja la tatu mara 19, kuanzia mwaka 1975 hadi mwaka 2018. Timu ya riadha nayo ikajipatia mataji yake, katika mashindano ya ukumbini na katika yale ya kiwanjani.

Neno "daraja la tatu" lisimfanye msomaji adhani kwamba tunazungumzia wanyonge. Daraja hilo liliundwa mwaka 1973, na sharti lake kubwa ni kwamba chuo hakiruhusiwi kumpa mwanafunzi ufadhili wa masomo kwa sababu ya uhodari wake michezoni. Kijana anayetaka kukimbia huko hukimbia baada ya kuingia kwa mlango uleule wanaoingia wenzake wote. Kwa hiyo kocha wa chuo cha namna hiyo hawezi kusafiri duniani akitafuta nyota waliokwisha kuiva. Hana budi kuwachukua waliokuja na kuwafundisha.

Sisi wa Afrika Mashariki tunaijua zaidi njia ile nyingine. Suleiman Nyambui, aliyetuletea medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow mwaka 1980, alisoma na kukimbia katika Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso. Chuo hicho, pamoja na vingine vikubwa vya Marekani, viliwatafuta wakimbiaji wa Afrika Mashariki, vikawalipia masomo, na vikashinda kwa miguu yao. Hatuibezi njia hiyo, kwani iliwapatia vijana wetu elimu na jina. Lakini chuo cha ualimu cha kwetu hakina fedha za kumnunua mtu yeyote. Tukitafuta wa kujilinganisha naye, hali yetu inafanana zaidi na ile ya Naperville.

Carius alijulikana kwa kauli aliyoirudia kwa vijana wake miaka yote: wakimbie kwa furaha, na kila mmoja atafute rekodi yake mwenyewe. Msomaji asiharakishe kuiona kauli hiyo kuwa ni maneno matamu ya kubandikwa ukutani. Mwalimu akiiamini, inambadilishia kazi yake yote. Ikiwa kipimo ni rekodi ya mtu mwenyewe, basi kijana aliyepunguza dakika 6 kuwa dakika 5 na sekunde 30 amefaulu somo lake la wiki hiyo, hata kama wenzake arobaini wamemtangulia. Mwalimu naye hana budi kujua kwamba kijana huyo alianza na dakika 6. Hapo ndipo penye ugumu. Mwalimu anayeangalia washindi peke yao hahitaji kujua habari za mtu zaidi ya watatu.

Hesabu ya mbio za nyika

Mbio za nyika zina kanuni moja ambayo tungependa kila mkufunzi aielewe, kwa kuwa ndani yake limo funzo la ualimu. Timu huingiza wakimbiaji saba, na wanaohesabiwa ni watano wa kwanza wa timu hiyo. Nafasi zao hujumlishwa, na timu yenye jumla ndogo ndiyo mshindi. Mkimbiaji wa sita na wa saba hawahesabiwi, lakini kila wanapomtangulia mpinzani humwongezea namba.

Tuchukue mfano. Timu ya kwanza ina nyota watatu, nao wanamaliza wa 1, wa 2 na wa 3. Shangwe ni kubwa. Lakini mkimbiaji wake wa nne anakuja wa 40, na wa tano anakuja wa 50. Jumla ni 96. Timu ya pili haina hata mtu mmoja katika kumi bora. Watu wake watano wanamaliza wa 12, wa 14, wa 16, wa 18 na wa 20. Jumla ni 80. Timu ya pili imeshinda, na picha ya mshindi wa mbio itakayotoka gazetini siyo ya mtu wake.

Katika hesabu hii mkimbiaji wa tano ana uzito uleule wa wa kwanza. Zaidi ya hayo, yeye ndiye ambaye jitihada ya mwalimu inaweza kumsogeza mbali. Mkimbiaji wa kwanza hawezi kwenda mbele ya namba moja. Wa tano anaweza kutoka 50 akafika 20, akaipunguzia timu namba 30. Kocha mwenye akili atatumia jioni yake wapi?

Riadha ya kiwanjani nayo haikosi funzo hilo. Katika mashindano ya taifa ya vyuo hivyo, kila tukio huwapa pointi watu wanane: 10, 8, 6, 5, 4, 3, 2 na 1. Mtupa tufe wa nane, ambaye hakuna anayemkumbuka, anaweza kuwa ndiye aliyeleta pointi iliyotenganisha bingwa na wa pili. Chuo kinachowajali wakimbiaji peke yao na kuwasahau watupaji na warukaji huziacha pointi hizo zikilala kiwanjani.

Jambo la mwisho tunalotaka wenzetu waliangalie ni muda. Carius alianza mwaka 1966, na ubingwa wa kwanza wa taifa ukaja mwaka 1975. Ni miaka tisa. Tena, baada ya ubingwa wa mwaka 1999, uliofuata katika mbio za nyika ulikuja mwaka 2009. Ni miaka kumi. Katika vipindi vyote hivyo chuo hakikumfukuza mwalimu wake. Sisi hutaka kikombe kabla ya mhula kwisha, na tukikikosa tunasema kwamba wanachuo wa mwaka huu ni wazito.

Hatudai kwamba kauli moja ya kocha ndiyo iliyozaa mataji 19. Bila ya shaka palikuwa na viwanja, viatu, matabibu, na vijana waliotoka katika shule za sekondari zenye mazoezi ya kila siku. Tunachodai ni kidogo, lakini kinatosha: chuo kidogo kisichoruhusiwa kununua nyota kimeweza kushinda kwa miaka zaidi ya arobaini huku kikiwapa kazi wale wa nyuma. Kwa hiyo hoja kwamba kumfundisha kila mtu ni kuua ushindi haina nguvu tena.

Pingamizi tunazozisikia

Wako watakaosema kwamba mifano ya Marekani haitufai, kwa sababu wao wana fedha. Tunajibu kwamba jambo tunalolisifu halinunuliwi kwa fedha. Kuandika majina ya watu wote badala ya majina ya watu kumi kunataka daftari na kalamu. Tufe linaweza kuwa jiwe lililopimwa kwa mizani ya dukani, na mkuki unaweza kuwa mwanzi ulionyooka. Shimo la kurukia linataka majembe na mchanga wa mtoni, na majembe vyuo vyetu vinayo.

Wengine watasema kwamba mkufunzi ni mmoja na wanachuo ni mamia. Akiwatazama wote, wenye vipaji watadumaa. Pingamizi hili ni zito kuliko lile la kwanza, na hatupendi kulipuuza. Filbert Bayi hakuvunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch mwaka 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, kwa kukimbia taratibu ili wenzake wasiachwe. Wala Alphonce Simbu hakushinda marathoni ya dunia mjini Tokyo mwaka 2025 kwa mazoezi ya darasa zima. Kipaji kinataka saa zake za peke yake. Lakini tujiulize: vipaji hivyo huonekana vipi kwanza? Mtoto aliyekimbizwa mara moja hadi kwenye mwembe, bila ya kiatu, bila ya kufundishwa kuanza wala kupumua, pengine hajala tangu asubuhi, anahukumiwa maisha kwa mbio hiyo moja. Huenda yule aliyepewa ufagio ndiye angekuwa bingwa baada ya miaka minne. Mwalimu anayewafundisha wote hatupi vipaji. Yeye huvitafuta kwa muda mrefu zaidi na katika watu wengi zaidi.

Wako pia watakaotukumbusha kwamba mkuu wa chuo anataka kikombe, na kwamba mkufunzi asiyeleta kikombe husemwa. Hilo ni kweli, nasi limetufika. Lakini chuo cha ualimu hakikuanzishwa ili kipate vikombe. Mwalimu Nyerere, katika maandishi yake ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, aliipinga elimu ya msingi iliyokuwa maandalizi ya wachache watakaoendelea mbele huku wengi wakiachwa mikono mitupu. Uwanja wetu wa michezo umeendelea kuwa shule ya namna ileile aliyoipinga. Tunaandaa wachache kwa mashindano, na wengi tunawatuma mashuleni wakiwa hawajawahi kushika tufe.

Hapa inatupasa kusema neno juu ya wanachuo wa kike. Tumetoa mfano wa timu ya wanaume kwa kuwa historia yake ndiyo tuliyoisoma, lakini kivulini kwetu wengi ni wasichana. Msichana aliyekaa kivulini miaka miwili chuoni ataingia darasani akiamini kwamba riadha si kazi yake, na watoto wa kike watamtazama yeye.

Tunayopendekeza

Kwanza, kila mwanachuo awe na ukurasa wake katika daftari la maendeleo. Katika wiki mbili za mwanzo apimwe mbio fupi moja, mbio ndefu moja, mruko mmoja na mtupo mmoja. Kisha apimwe tena kila mwezi. Sehemu ya alama zake itokane na maendeleo yake. Tulipolijaribu jambo hili tuligundua ujanja upesi: baadhi yao walitembea siku ya kwanza ili waonekane wamepaa baadaye. Tuliponya ugonjwa huo kwa kupima mara mbili mwanzoni na kuchukua matokeo yaliyo bora, na kwa kutoa alama nyingine kwa uwezo wa kumfundisha mwenzake. Mwenye pumu au ulemavu naye apimwe, kwa tukio linalomfaa, dhidi ya rekodi yake mwenyewe.

Pili, darasa lenye watu sitini ligawanywe katika makundi sita ya kumi kumi kufuatana na mwendo. Katika mbio ndefu kundi la polepole litangulie kuondoka na la kasi liondoke mwisho, kila moja kwa tofauti ya muda iliyohesabiwa, ili wote wakaribiane kwenye mstari wa kumalizia. Mwenye kasi atakuwa na watu wa kuwafukuza, na mzito atakuwa na sababu ya kukaza mwendo mpaka mwisho. Hahitajiki mkufunzi wa pili wala saa ya pili. Mkufunzi husoma muda kwa sauti kila mtu anapopita, na mwenzake aliyepangiwa kumwandikia huuandika. Kisha muda wa kuondoka wa kundi lake huondolewa.

Tatu, mashindano ya mabweni au ya madarasa yaendeshwe kwa hesabu ya mbio za nyika tuliyoieleza. Tulishangaa kuona jinsi kanuni hii ilivyoyageuza mazungumzo ya bwenini. Vijana walioikataa jana timu ya mwenzao mzito, leo walikuwa wakimwamsha alfajiri wakafanye naye mazoezi, kwa sababu walijua kwamba yeye ndiye wa tano wao.

Nne, timu ya chuo iendelee kuwapo na ipewe saa zake, lakini kila mwanachama wake apewe wenzake watano wa kuwafundisha tukio lake kwa mhula mzima. Mruka juu atajifunza mengi juu ya kuruka atakapolazimika kumweleza mtu asiyeweza. Na hiyo, baada ya yote, ndiyo kazi aliyokuja kuisomea.

Tano, wakaguzi wa mazoezi ya kufundisha, nasi tukiwamo, waongeze swali moja katika fomu zao: katika kipindi hiki cha michezo, watoto wangapi walitoka jasho? Swali hilo lingetuumbua siku ile pale shuleni, na lingetuumbua kwa haki.

Hatujafika mbali katika kuyatekeleza haya. Katika mwaka wa kwanza tulishindwa kuzipanga kumbukumbu za wanachuo wote, na kurasa nyingi za daftari zilibaki na kipimo kimoja tu. Timu yetu haikuleta kikombe, na tuliulizwa kwa nini. Hatukuwa na jibu ila kuonyesha daftari lenyewe, ambamo mwanachuo mmoja aliyeanza kwa kushindwa kumaliza mita 1,500 aliimaliza kabla ya likizo, mara tatu, kila mara kwa muda ulio bora kuliko uliotangulia. Huyo sasa anafundisha darasa la nne. Tunatumaini kwamba akiwapanga watoto wake mstari na kuwakimbiza hadi kwenye mti, atawakimbiza tena kesho, na atakuwa ameandika majina ya wote.

Wakufunzi wenzetu waliojaribu njia hii, au waliojaribu nyingine iliyo bora, tunawaomba waandike katika kurasa hizi. Wanaoona kwamba tumekosea nao waandike, ili sote tusahihishane.